Sauti mbovu kwenye gari la zamani: utengeneze nyaya, ubadili spika, ubadili redio au uongeze amplifaya?

Ukilalamika kwamba muziki kwenye gari lako unakoroma, wa kwanza atakwambia ununue spika, wa pili atakwambia tatizo ni redio, na wa tatu, ambaye gari lake hutetemesha vioo vya majirani, atasema bila amplifaya unajisumbua bure. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa gari lake. Gari lenye miaka ishirini au thelathini limezeeka katika kila kiungo kilichopo kati ya betri na sikio lako, tena si kwa kasi moja. Spika ya mlangoni imerukiwa na maji ya mvua miaka yote hiyo, redio imekaa pakavu nyuma ya dashibodi, na waya unaopita kwenye bawaba umekunjwa kila mara mlango ulipofunguliwa.

Nitaziweka njia nne bega kwa bega, na msimamo wangu nautoa mapema: kwa gari la zamani anza na nyaya na viungo, kisha spika za mbele pamoja na mlango wenyewe, halafu redio, amplifaya iwe ya mwisho. Zipo hali zinazoupindua mpangilio huu, na nitazitaja zikifika.

Msimamo huo nimeulipia. Gari langu la kwanza la umri mkubwa lilikuwa na spika ya kushoto inayokatikakatika. Nikanunua jozi nzuri ya spika, nikazifunga kwa uangalifu, na katika safari ya kwanza upande wa kushoto ukanyamaza vilevile. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ule mpira uliokunjamana kati ya bodi na mlango, zimebaki nyuzi chache za shaba zinazogusana na kuachana gari likitikisika. Spika niliyoitoa haikuwa na ubovu wowote.

Kabla ya kuchagua, sikiliza

Redio yenyewe inakupa vipimo viwili vya bure, navyo ni balansi (inayogawa sauti kushoto na kulia) na feda (inayoigawa mbele na nyuma). Weka wimbo unaoujua vizuri, peleka sauti yote mbele kushoto, kisha mbele kulia, kisha nyuma, kona moja baada ya nyingine. Ubovu ukiwa kona moja tu, mshukiwa ni spika ya kona hiyo, waya wake, au chaneli moja ya redio, yaani njia inayolisha spika hiyo. Ukiwa kona zote nne na ni wa aina ileile, achana na spika. Si rahisi spika nne ziharibike pamoja kwa namna moja. Hapo tafuta kwenye chanzo cha muziki, kwenye redio, au kwenye umeme unaoilisha.

Kipimo kingine, ninachokithamini kuliko vyote, ni kubadilishana nyaya. Nyuma ya redio, chukua nyaya mbili za spika inayosumbua uziunge pale palipokuwa pa spika nzima, na za nzima uzipeleke kwa nyingine. Ubovu ukihamia spika nyingine, chaneli ya redio ndiyo mgonjwa. Ukibaki palepale, redio haina hatia, shuka mlangoni. Ni kazi ya dakika kumi na haihitaji kifaa chochote cha gharama, lakini humaliza ubishi ambao ungekula fedha ya spika mbili.

Kisha linganisha vyanzo. Kama kaseti inasikika kama imefunikwa blanketi lakini FM ni safi, kichwa cha kusomea mkanda kimechafuka, na pamba yenye alkoholi ya isopropili itarudisha ile sauti nyembamba ya juu iliyopotea. Kama nyimbo zinayumba, zinapanda na kushuka kama mwimbaji aliyechoka, mkanda wa mpira unaozungusha kaseti umelegea. Kama kila kitu ni kizuri isipokuwa simu inayopitia kile kirusha-mawimbi kidogo cha FM, basi kifaa hicho ndicho kinachokwamisha: FM hubeba sauti hadi kilohezi 15 tu, na kirusha-mawimbi chako kinapigania nafasi na stesheni zenye mitambo mikubwa. Hakuna spika itakayoponya hilo.

Jedwali hili linaonyesha pa kuanzia. Hukumu yenyewe itolewe na vipimo.

| Unachosikia | Mshukiwa wa kwanza | Anza na |
|---|---|---|
| Mkoromo kona moja, hasa besi ikipiga | Sponji au raba ya ukingo imeoza, koili (waya uliozungushwa kwenye sumaku ya spika) inakwaruza | Spika |
| Kukatika mlango ukifunguliwa au gari likiruka shimo | Waya kwenye bawaba, plagi iliyolegea | Nyaya |
| Mluzi unaopanda na kushuka na mwendo wa injini | Ethi mbovu (njia ya umeme kurudi betrini kupitia bodi), au alteneta | Nyaya |
| Besi imepotea kabisa, sauti kama haina katikati | Spika moja imeungwa kinyume | Nyaya |
| Sauti inapasuka kona zote ukiongeza kidogo | Umeme hafifu au redio iliyochoka | Nyaya, kisha redio |
| Kukwaruza unapozungusha kitufe cha sauti | Uchafu ndani ya kitufe | Usafi |
| Safi kwa sauti ndogo, inazidiwa barabara kuu | Nguvu haitoshi, mlango unavuja | Mlango, kisha amplifaya |

Nyaya na ethi: njia nafuu inayodharauliwa

Upande wa gharama, njia hii haina mshindani. Upande wa uvumilivu, ndiyo inayodai mengi, kwa sababu unatafuta kitu kisichoonekana. Mafundi wengi huikwepa kwa sababu mteja haoni kilichobadilika. Mimi naona ndipo penye faida kubwa kuliko kote.

Anza na umeme. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma karibu volti 12.6. Injini ikiunguruma, kati ya 13.8 na 14.4. Soma betrini kwa mita ya umeme, kisha soma kwenye waya wa njano nyuma ya redio huku muziki ukipiga kwa nguvu. Waya wa njano ndio unaoleta umeme wa kudumu kwenye redio nyingi za kununua, mwekundu hupata umeme ufunguo ukizungushwa, na mweusi ni ethi. Tofauti ya nusu volti au zaidi kati ya betri na redio inamaanisha fyuzi yenye kutu, plagi iliyolegea, au kiungo cha kusokota kwa mkono kilichofungwa na mtu miaka kumi iliyopita na kuachwa bila kulehemiwa. Redio iliyonyimwa volti hukosa pumzi, na besi ndiyo inayokosa kwanza kwa kuwa ndiyo inayotaka nguvu nyingi.

Ethi nayo hupimwa vilevile. Weka ncha moja ya mita kwenye bodi ya chuma ya redio na nyingine kwenye hasi ya betri, muziki ukiwa juu. Unataka kuona karibu sifuri, sehemu ya kumi ya volti isikutishe. Ukiona nusu volti, ethi imeoza mahali. Usikimbilie kuipeleka kwenye skrubu yoyote ya dashibodi, maana nyingi zimeng'ang'ania plastiki au chuma kilichopakwa rangi. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga kwa bolti imara, kisha paka grisi ili kutu isirudi.

Ule mluzi unaofuata ekseleta ndio unaowasumbua wengi. Mara nyingi chanzo chake ni vifaa viwili, tuseme redio na amplifaya, vilivyofungwa ethi mahali tofauti penye volti zinazotofautiana kidogo. Tofauti hiyo hupita kwenye waya wa mawimbi ya sauti na kuimba. Dawa ni kuvileta kwenye ethi safi na, ikiwezekana, ya pamoja. Chanzo cha pili ni waya wa mawimbi uliolazwa sambamba na waya mnene wa umeme. Upitishe ubavu mwingine wa gari. Vichujio vya mluzi vipo na vinasaidia, ila naviona kama dawa ya maumivu: ubovu unabaki ulipo na vingine hupunguza besi. Kama taa pia zinapepesa mluzi unapokuwepo, mwambie fundi umeme apime daiodi za alteneta kabla hujagusa redio.

Kisha kuna suala la spika iliyoungwa kinyume, ambalo hutokea sana kwenye gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi. Spika ya kushoto ikisukuma hewa mbele wakati ya kulia inaivuta nyuma, mawimbi ya besi hufutana. Hakuna kinachokoroma wala kukatika, ila muziki unakuwa mwembamba na sauti ya mwimbaji haijulikani inatoka wapi. Sogeza balansi upande mmoja: besi ikiongezeka badala ya kupungua, umempata mkosaji. Ili kujua ipi ni ipi, iondoe spika kwenye redio, kisha gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye vipini vyake kwa nukta moja, chanya kwa chanya. Koni, ule uso wa spika unaotikisika, inapaswa kuruka nje. Ikiruka ndani, alama si sahihi au waya umegeuzwa njiani.

Betri hiyohiyo ndogo inajibu swali jingine. Igusishe kwenye nyaya za spika kule nyuma ya redio, ukiwa umeichomoa plagi. Ukisikia "pu!" safi mlangoni, waya ni mzima. Fanya hivyo huku mwenzako akifungua na kufunga mlango, na waya wa bawaba utajisema wenyewe.

Spika: ukarabati dhidi ya mpya

Spika hufa kwa njia tatu hivi. Ukingo wake huoza, koni hupasuka au kulegea kwa unyevu, au koili huungua. Kila kifo kina hukumu yake.

Ukingo wa sponji ndio wa kwanza kuondoka, na baada ya miaka kumi hadi ishirini huwa unabomoka ukiugusa kwa kidole. Raba hudumu zaidi. Koni ikiwa nzima na koili haikwaruzi, ukingo mpya unabandikwa kwa gundi maalumu, na spika huishi tena miaka mingi. Ugumu ni kuiweka koili katikati kabisa wakati wa kubandika. Ikilalia upande mmoja itakwaruza sumaku na kazi yote imeharibika. Kujua kama inakwaruza, sukuma koni kwa vidole vya mikono miwili, taratibu, kwa usawa. Ikienda kimya, ni nzima. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga, iage.

Koili iliyoungua mita itaisema. Spika ya omu 4 husoma kati ya omu 3 na 3.8 hivi ikipimwa na mita ya kawaida, kwa hiyo usishtuke ukikosa 4 kamili. Ikisoma kama waya uliokatika, imekufa. Ikisoma karibu na sifuri, iondoe haraka kabla haijaua redio.

Sasa, ukarabati au mpya? Kwa gari la kawaida lenye spika za ukubwa unaopatikana, mpya hushinda kwa urahisi na kwa muda wa kazi. Ukarabati unashinda mahali pawili. Kwanza, spika zenye umbo lisilo la kawaida, ambapo mpya ingekulazimisha kukata mlango. Pili, mifumo ya kiwandani yenye amplifaya yake. Mifumo ya Bose katika magari mengi hutumia spika za omu 2 au chini ya hapo, na ukiweka ya omu 4 kona moja, kona hiyo itasikika dhaifu kuliko nyenzake. Geuza spika ya zamani, soma kilichoandikwa nyuma ya sumaku, uipime, ndipo ununue.

Kitu ambacho wauzaji hawakisemi sana ni wepesi wa spika kupokea nguvu, unaoandikwa kwa desibeli kwa wati moja. Kila desibeli 3 zinazopungua zinadai nguvu maradufu ili ufikie sauti ileile. Spika ya desibeli 92 ikilinganishwa na ya 86, ya pili inataka nguvu mara nne. Spika nyingi za zamani zilikuwa na koni ya karatasi nyepesi na ziliitikia haraka. Ukiweka badala yake spika nzito ya kifahari, iliyotengenezwa kwa ajili ya amplifaya kubwa, kwenye redio ya zamani, gari litasikika dogo kuliko lilivyokuwa. Nimewaona watu wakirudisha spika nzuri dukani wakiamini ni mbovu, kumbe zilikuwa na njaa. Bila amplifaya, chagua spika ya desibeli 90 au zaidi, hata kama nyingine inatangazwa kwa wati mia tatu. Hizo wati za kwenye boksi ni kiasi inachoweza kuvumilia, hazikuambii italia kwa nguvu gani.

Kuhusu twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, iliyo katikati ya spika na ile inayofungwa peke yake: kama spika zako ziko chini mlangoni, zinaimbia magoti. Sauti nyembamba husafiri moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na miguu inaizuia. Twita tofauti iliyowekwa juu, karibu na kioo cha pembeni au kwenye dashibodi, hubadilisha gari kuliko kupandisha daraja la spika yenyewe. Kama spika za mbele ziko juu ya dashibodi tayari, usijisumbue, za twita ya katikati zinatosha. Na kabla ya kununua aina yoyote, teremsha kioo hadi mwisho upime kina. Sumaku kubwa na kioo cha dirisha hawapatani.

Mlango wenyewe

Hapa natoka nje ya zile njia nne kidogo, kwa sababu wengi hulinganisha spika na spika wakasahau kwamba mlango ndio boksi. Spika hutoa wimbi mbele na wimbi la kinyume nyuma. Mawimbi hayo yakikutana, besi hufutika. Kiwandani mlango ulifungwa kwa karatasi ya plastiki nyuma ya kitambaa, na kwenye gari la zamani karatasi hiyo huwa imechanwa na kila fundi aliyewahi kutengeneza kioo. Matundu makubwa yanabaki wazi na besi inavuja.

Ziba matundu hayo kwa shiti za butili zenye karatasi ya alumini, bandika kipande kingine kwenye bati la nje nyuma ya spika, weka mpira kati ya spika na bati ili hewa isipite ukingoni, na kaza skrubu zote. Acha wazi matundu ya chini kabisa ya kumwaga maji, la sivyo mlango utaoza. Nikipewa fedha ya spika za daraja la kati pamoja na kuziba mlango, au spika za daraja la juu kwenye mlango unaovuja, nachukua la kwanza bila kufikiri mara mbili. Na usishangae mkoromo uliodhani ni wa spika ukatoweka: mara nyingine ni klipu ya plastiki au waya wa kitasa unaopiga bati.

Spika mpya au redio mpya?

Kama fedha inatosha kitu kimoja, nachagua spika, na nina sababu. Redio inayochoka huwa inaharibika waziwazi: chaneli inakufa, inajizima, mngurumo unatokea kwa sababu kapasita zimekauka. Kama haifanyi hivyo, sauti inayoitoa kwa kawaida ni safi kuliko uwezo wa spika kuizungumza. Kitufe kinachokwaruza kinaponywa na dawa ya kusafishia viunganishi ikipuliziwa ndani na kuzungushwa mara kadhaa.

Usidanganywe na maandishi ya "wati 50 mara 4" kwenye uso wa redio. Hesabu haikubali. Redio isiyo na kipandisha volti ina volti 14.4 tu za kuchezea. Ikiwa imeunganishwa kwa mtindo wa daraja (kila spika husukumwa na vikuza sauti viwili vinavyokwenda kinyume), ambao ni wa kawaida leo, kwenye spika ya omu 4 hupata wati 18 hadi 22 safi kwa chaneli. Namba 50 ni ya kilele cha muda mfupi, sauti ikiwa imepasuka tayari. Kwa hiyo kubadili redio ya miaka ya 1990 yenye mtindo huo kwa redio mpya hakukuongezei nguvu ya kutajika. Lakini redio za miaka ya 1970 na nyingi za mwanzoni mwa 1980, zisizo na daraja, zilikuwa na wati 5 au 6 tu kwa chaneli. Kutoka hapo kwenda 20 ni mruko unaosikika.

Redio mpya inashinda bila ubishi katika hali tatu. Unataka simu iunganishwe vizuri, na redio yako haina tundu la kuingizia sauti. Unataka kurekebisha toni kwa bendi nyingi na kuchelewesha sauti ya spika zilizo karibu nawe ili zote zikufikie pamoja, jambo ambalo redio nyingi mpya hufanya na ambalo kwenye gari, dereva akiwa amekaa upande mmoja, lina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani. Au gari lilitengenezwa kwa soko la Japani, ambako FM ilipangwa kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali nchi nyingi hutumia 87.5 hadi 108. Kale kaboksi kanachoshusha masafa hukusaidia kupata stesheni, lakini huonyesha kipande tu cha bendi na mara nyingi huongeza kelele. Kama FM ndiyo unayosikiliza zaidi, redio mpya ni jibu. Ila kagua antena kwanza: kutu kwenye kitako chake huleta msukosuko uleule unaofanana na redio mbovu.

Hatari ya njia hii iko kwenye magari ya zamani sana. Kuna mfumo ambamo hasi za spika zimeunganishwa pamoja au zimefungwa moja kwa moja kwenye bodi. Redio ya kisasa ikiungwa kwenye nyaya hizo huungua, kwa sababu nyaya zake zote mbili za spika zina umeme na hazitakiwi kugusa ethi. Chomoa redio ya zamani, pima kati ya waya hasi wa spika na bodi ya gari. Ikionyesha umeme unapita kwenda bodi, pitisha nyaya mpya mbili kwa kila spika. Mwaka wa gari usikufanye uuruke upimaji huu.

Kwa vipimo vya tundu, saizi ya kawaida ya uso ni milimita 180 kwa 50, na kubwa ni 180 kwa 100. Toyota nyingi zina tundu la upana wa milimita 200 na huhitaji vijazio pembeni. Gari la kabla ya saizi hizi, lenye redio ya vitufe viwili vya kuzungusha, linastahili redio iliyotengenezwa kwa umbo hilo. Kukata dashibodi ya gari la miaka hamsini kwa ajili ya skrini ni kosa lisilorudishika.

Na ukibadili redio ikawa kimya kabisa, usiirudishe dukani kabla hujatafuta amplifaya ya kiwandani chini ya kiti au kwenye buti. Huwa inasubiri waya wake wa kuamshwa, ambao kwenye redio mpya kwa kawaida ni wa bluu wenye mstari mweupe.

Redio mpya au amplifaya?

Swali hili ni la mtu ambaye nyaya zake ni safi, spika ni nzima, mlango umezibwa, na bado anaongeza sauti barabara kuu mpaka inapasuka. Hapo, na si kabla, amplifaya inashinda redio kwa mbali. Amplifaya ndogo ya chaneli nne ina kipandisha volti chake na hutoa wati 50 halisi kwa chaneli, zaidi ya mara mbili ya redio. Faida yake kubwa ni utulivu wa sauti: ngoma inapiga bila kumeza sauti ya mwimbaji. Kwa wenye redio ya zamani wanayoipenda, zipo zinazopokea sauti moja kwa moja kutoka nyaya za spika, kwa hiyo huhitaji kuigusa dashibodi.

Hesabu ya umeme lazima ifanywe. Wati 200 kwa jumla, kwenye amplifaya ya mtindo wa zamani inayopoteza karibu nusu kama joto, hutaka ampea 25 hadi 30 ikifunguliwa yote. Muziki wa kawaida hutumia sehemu ndogo ya hapo, lakini alteneta ndogo ya gari la zamani, iliyokwishabeba taa, feni na wiper, haina akiba kubwa. Kwa gari kama hilo chagua amplifaya ya daraja D (Class D kwenye boksi), ambayo hupoteza kidogo na haitoi joto jingi. Waya wa umeme utoke betrini moja kwa moja, wenye unene wa milimita za mraba 8 au zaidi, na fyuzi yake iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45. Fyuzi hiyo inaulinda waya usiwashe gari moto. Atakayekwambia si lazima, mtafute fundi mwingine.

Kitufe cha geni kwenye amplifaya huilinganisha na nguvu ya mawimbi yanayotoka redioni, si cha kuongeza sauti. Weka redio kwenye robo tatu ya sauti yake, panda geni taratibu mpaka usikie mpasuko wa kwanza, kisha rudi nyuma. Twita nyingi zilizoungua kwenye magari ziliuawa na sauti iliyopasuka kwa muda mrefu.

Jambo la mwisho, nalisema kwa uzito kwa sababu magari haya hayatengenezwi tena: usikate plagi ya kiwandani. Nunua plagi ya kuunganishia inayolingana na gari lako, unga nyaya zako kwenye hiyo kwa kulehemu au kwa viunganishi vya kubana, na plagi ya asili ibaki nzima. Redio ya zamani ifunge kwenye boksi kavu pamoja na fremu yake na skrubu zake, uandike kwa kalamu juu ya boksi gari ilikotoka.